Mahali pa Jina la Baba

Mwezi uliopita tulimzika dada yangu Riziki kule Kinondo, na mimi, mzee wa miaka themanini na ushei, niliingia kaburini kumpokea. Haikuwa kazi ya mtu mwenye magoti kama yangu. Wanawe wawili walikwisha kuingia, nao ni watu wazima wenye nguvu zao, lakini imamu aliuliza kama yupo maharimu mwingine wa marehemu, na mtu mmoja akasema kwa sauti, yupo kaka yake kwa baba. Nyuso zote zikanigeukia. Nikavua viatu, wakanishika makwapa, wakaniteremsha taratibu, na chini ya ile shuka waliyoitandaza juu yetu kumsitiri nikampokea dada yangu upande wa kichwa. Nilipotolewa, kanzu imejaa udongo, kijana mmoja nisiyemjua aliniamkia kwa adabu, kisha akasema hakujua kwamba Bi Riziki alikuwa na kaka, maana wao wamekua pale na hawakupata kuniona. Nikamwambia alikuwa naye, ila alianza kuwa naye akiwa na miaka tisa. Aliniangalia kwa huruma, nadhani alifikiri jua limenipanda kichwani. Lakini nilikuwa nasema kweli tupu. Riziki alinipata mwaka uliofuata uhuru, na alinipata kwa sababu ya fomu ya viza ya Marekani.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza sekondari na kupata kibarua cha kufundisha darasa la nne pale Msambweni, huku nikikaa Gazi kwa mjomba wangu Nasoro, ambako ndiko nilikolelewa, nikikaa pamoja na mama. Kilichokuwa kikinikosesha usingizi ni barua kutoka chuo kimoja kidogo cha Marekani, kilichokuwa katikati ya mashamba ya mahindi, ambacho hata Wamarekani wengi niliokuja kukutana nao hawakukijua. Barua ilisema nafasi ipo, ada wataibeba wao, masomo yanaanza Septemba, na kilichobaki ni mimi kupata viza. Ndani ya bahasha walitia kijitabu cha picha. Kijitabu kile kiliizunguka Gazi nzima, nyumba kwa nyumba, kikarudi kinanuka moshi na samaki. Picha waliyoipenda watu ni ya wanafunzi waliolala kifudifudi juu ya majani mabichi, vitabu mbele yao. Mama aliitazama kwa muda mrefu, akauliza kama chuo kizima hakina viti. Nilicheka naye, lakini nikiwa peke yangu nilikuwa nikiifungua picha ile ile na kuyatamani yale majani kama mwenye njaa anavyoitamani sahani ya mwenzake. Sijui kijana wa leo ataelewa. Bendera ilikuwa mpya, ofisi zilikuwa zinawahitaji watu, na kila mtu aliyekuwa amesoma kidogo aliona kama mlango umefunguliwa na utafungwa wakati wowote.

Fomu ya viza niliijaza sebuleni kwa mjomba, kwenye meza ya mninga iliyokuwa haitumiwi ila kwa wageni wa heshima na hesabu za duka. Mjomba alifunga duka mapema, akavaa kofia, akakaa upande wa pili kunitazama nikiandika, na kila nilipotulia aliuliza, "Wanasemaje hapo?" Palipofika mahali pa jina la baba nikaandika Nasoro Hamadi. Sikusita hata kidogo. Ninaandika haya kwa wasiozijua desturi zetu sisi Wadigo: mtoto, kwa wakati ule, alikuwa wa upande wa mamake, na aliyekuwa na sauti juu yake ni mjomba. Baba alikuwa mtu wa kuheshimiwa na kuamkiwa. Siku niliyopelekwa kuandikishwa shule, mwalimu aliuliza mtoto huyu ni wa nani, na mjomba, ambaye ndiye aliyenishika mkono, akajibu ni wangu, akataja jina lake. Tangu siku hiyo nikawa Omari Nasoro, katika daftari la shule, katika vyeti vyangu vyote, na mwishowe katika pasipoti. Darasani kwetu tulikuwa wengi wa namna hiyo na hakuna aliyeona ajabu. Mstari wa pili ulitaka jina la mama, nikaandika Mwanakombo Hamadi. Nikapuliza wino ukauke, mjomba akaomba dua, tukala halua.

Aliyenihoji Nairobi, pale ubalozini, alikuwa kijana aliyekunja mikono ya shati, pengine hakunizidi kwa miaka kumi. Aliniuliza nitasoma nini, nikamjibu. Aliuliza kama nitarudi nyumbani nikimaliza, nikamjibu kwa maneno niliyokuwa nimeyafanyia mazoezi garimoshini usiku kucha. Kisha akaishika ile fomu na kuitazama.

"Bwana Nasoro Hamadi na Bibi Mwanakombo Hamadi," alisema. "Hamadi ni jina la ukoo?"

Nikamwambia hapana, ni jina la baba yao.

"Baba yao? Wote wawili?"

"Naam. Baba mmoja, mama mmoja."

Nilisema kwa fahari, maana kwetu kuwa na mjomba wa tumbo moja na mamako ni neema. Yule kijana akaweka kalamu chini. Akaniuliza polepole, kama anayezungumza na mgonjwa, iwapo ninamaanisha kwamba wazazi wangu ni kaka na dada. Na mimi, nikiwa bado katika ile fahari yangu, nikasema ndiyo. Uso wake ukawa mwekundu mpaka masikioni, na ndipo nami nikasikia nilichokisema. Nilijaribu kueleza. Kiingereza changu, ambacho walimu wangu walikisifu, kilinikimbia chote. Hakunicheka wala hakunifukuza, namshukuru kwa hilo hadi leo. Alisema fomu niliyoitia sahihi ina jambo lisilo kweli, na pasipoti ina jambo hilo hilo, kwa hiyo hawezi kuigonga muhuri. Nilete kiapo cha baba yangu mzazi kwamba mimi ni mwanawe, na kiapo cha mjomba kwamba si mwanawe, na pasipoti iliyosahihishwa. Nikivileta kabla ya Julai kwisha atalifungua faili langu tena. Ikipita hapo, nafasi yangu chuoni itapewa mtu mwingine.

Kurudi Gazi na habari ile kulikuwa kazi. Nilimweleza mjomba barazani, kwa kuzungukazunguka, na mwanzoni alicheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akaelewa kile ambacho mtu mgeni alikuwa amekifikiria juu yake na dadake, na kicheko kikamkwama. Mama alikuwa uani akikuna nazi. Alikuwa amesikia yote, kwa kuwa mlio wa mbuzi ya nazi ulikatika ghafla, na alipoinuka aliingia chumbani kwake na hakutoka hadi magharibi. Kwa siku tatu nzima baada ya hapo hakukaa chumba kimoja na kakake. Alimpakulia, akamwekea sahani mezani, akaondoka. Mjomba alikuwa akila peke yake, kichwa chini, na mimi nilikula jikoni nikijua kwamba ni kalamu yangu iliyowatenga ndugu wale wawili. Siku ya nne mama alinijia nikiwa navaa kwenda kazini.

"Nenda Kinondo," alisema. "Mwambie babako namsalimu, na kwamba mwana ni wake, aje aseme."

Sikupata kumsikia akimtaja mtu huyo ndani ya nyumba ile bila kuulizwa. Walikuwa wameachana kabla sijajua kutembea, na mambo ya kuachana kwao si yangu kuyaandika. Mjomba alipoambiwa, alisema karatasi ni karatasi tu, akaenda kufungua duka.

Baba yangu, Bakari Juma, alikuwa dobi. Alifua na kupiga pasi nguo za Wazungu waliokuwa na nyumba za ufukweni Diani, na shuka za hoteli moja huko huko. Nilimjua, naam. Kila Idi nilipelekwa kumwamkia, akaniuliza masomo yanaendeleaje, nikasema vizuri, akanipa shati lililonyooshwa mpaka linasimama lenyewe, nikarudi Gazi. Hatukuwa na ugomvi. Hatukuwa na chochote. Siku niliyomwendea alikuwa katika chumba chake cha pasi, amefunga kikoi kiunoni, akipitisha pasi ya makaa juu ya shuka nyeupe ndefu kuliko meza. Nilimweleza nikiwa nimesimama mlangoni. Hakuacha kazi hadi shuka ile ilipokwisha na kukunjwa mara nne.

Kisha akaniambia jambo nisilolijua. Nilipokuwa darasa la tatu alikuja shuleni kwetu, amenunua kalamu na daftari, akamwomba mwalimu amwitie mtoto wa Bakari. Mwalimu akapekua daftari lake, akamwambia hana mtoto wa Bakari. "Nikarudi," baba alisema. Alisema hivyo tu, bila kinyongo, akainama kupuliza makaa ndani ya pasi. Nikasimama pale sina pa kuuweka uso wangu. Nilimwuliza kama atakwenda Kwale, makao ya wilaya, kuapa.

"Kuapa nitaapa," alisema. "Lakini siapi kwa ajili ya Wamarekani. Nikishika msahafu niseme wewe ni mwanangu, basi uje ukae kwangu mpaka siku ya safari. Sitaapa juu ya mtu nisiyejua anakula nini."

Tulikwenda Kwale sote watatu siku ya Jumatano. Mjomba alivaa koti jeusi juu ya kanzu, na baba alivaa kanzu iliyopigwa pasi kwa namna ambayo hata karani wa DC aliitazama mara mbili. Walisalimiana vizuri, wakaulizana hali za nyumbani, wakashukuru Mungu, kisha wakakaa kwenye benchi, mimi katikati, saa tatu nzima. Tulipoitwa, baba alianza. Alishika msahafu na kusema, "Huyu Omari ni mwanangu wa kumzaa." Nilikuwa natazama ramani ya wilaya iliyobandikwa ukutani, na sikuona tena kilichoandikwa pale. Nilikuwa na miaka ishirini na sikuwahi kumsikia mtu akisema hivyo. Karani akaandika, akagonga muhuri, akamgeukia mjomba.

"Wewe si babake?"

"Mimi ndiye niliyemlea," mjomba akasema.

"Sikuuliza aliyemlea, mzee wangu. Nauliza kama wewe ni babake."

Mjomba alinigeukia mimi, karani akainua macho. Huyu ndiye mtu aliyenibeba mgongoni kunipeleka hospitali ya Msambweni nilipougua surua. Ndiye aliyenifundisha kuogelea, na aliyefunga duka nijaze fomu. "Si babake," alisema, na akatia sahihi yake kwa herufi za Kiarabu, polepole mno, kana kwamba alikuwa akijifunza kuandika siku ile.

Kwenye gari la kurudi tulikaa vilevile. Ukunda baba na mimi tuliteremka, mjomba alikuwa akiendelea hadi Gazi. Gari lilipokuwa linataka kuondoka alitoa kichwa dirishani, akamwita baba. "Bwana Bakari," alisema, "kijana hali papa. Humtapisha. Na akisoma husahau kula, lazima aitwe." Baba akamwambia amesikia. Mimi mwenyewe sikujua kwamba mjomba alikuwa akiyaona hayo. Tulitembea kwenda Kinondo, baba amebeba sanduku langu la nguo kichwani na amekataa katakata nimpokee.

Nilipewa chumba cha pasi kuwa changu. Mchana kilikuwa cha kazi, na jioni meza ilisogezwa ukutani nikatandikiwa kitanda cha kamba pale ilipokuwa. Kilikuwa na joto lisilotoka hata alfajiri, na harufu ya makaa, wanga na sabuni ya mche. Juu, kwenye boriti, zilining'inia shuka za watu ambao hatukuwajua, na upepo ukiingia zilikuwa zikinipapasa uso. Asubuhi Bi Fatuma, mke wa baba, alileta muhogo wa nazi na chai ya mkandaa isiyotiwa maziwa, na Riziki, binti yao mdogo, alikaa mbele yangu kunihesabia matonge. Yeye hakuwa na haya yoyote. Siku ya kwanza alinikagua, akatangaza kwamba masikio yangu ni ya kwao, na tangu hapo akaniita Kaka mbele ya watu wote kama aliyeshinda zawadi. Papa hakupikwa tena nyumba ile. Ikiwa kuna tafi wa kukaanga, baba alikuwa akiigeuza sinia kidogo, kama kwa bahati tu, mpaka upande ulionona ukawa mbele yangu. Nami nilijifanya sijaona.

Alinifundisha kupiga pasi. Alisema mwanamume akienda mbali asimtegemee mtu kwa mambo mawili, kumpikia na kumnyooshea shati. Kola kwanza, alinionyesha, halafu mabega, halafu mikono, na kifua mwisho, kwa kuwa kifua ndicho watu wanachokitazama na kisipate nafasi ya kukunjamana. Nilichoma mashati mawili, yote yake. Alikuwa na maoni yake juu ya mataifa, aliyoyapata kwa kola. Waingereza walitaka wanga mwingi, Wajerumani walihesabu vifungo, na Mmarekani mmoja aliyewahi kukaa Diani mwezi mzima alikuwa akimpa mashati yenye mifuko miwili na kumwambia aache wanga kabisa. Kutokana na hilo baba alikata shauri kwamba nchi ninayokwenda ni ya watu wasiopenda kubanwa, na kwamba nitaiweza. Siku nyingine aliniuliza mambo niliyoyaona ya kitoto: nilipata jino la kwanza upande gani, nani alinitahirisha, kama nililia. Nilimjibu kwa kifupi. Leo ninajua alikuwa akiokota miaka yangu moja moja kabla sijaondoka, na mimi nilimpa kwa ubahili.

Sitajisifu katika jambo hili. Nilikuwa nikimwamkia kila asubuhi kwa heshima zote, "Shikamoo," na hapo nikakomea. Nikitaka kumwambia jambo nilingoja anitazame. Usiku mmoja baada ya sala ya isha walidhani nimelala. Ukuta ulikuwa wa udongo na haukufika juu, na nilimsikia akisema na Bi Fatuma, sauti ya chini, bila kulalamika.

"Hajaniita bado."

"Atakuita," Bi Fatuma akasema. "Mpe muda."

"Muda wenyewe ni mpaka Agosti."

Nililala nikizitazama zile shuka. Ningeweza kuinuka, nikafungua mlango, nikasema neno moja, na mambo yakaisha pale pale. Lakini neno hilo sikupata kulitumia kwa mtu yeyote maishani mwangu. Mjomba alikuwa Mjomba. Nilihisi kwamba nikilitamka Kinondo, mtu aliyetia sahihi kwa taabu pale Kwale atalisikia huko Gazi alikokaa dukani kwake. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Nyingine ilikuwa haya tu, haya ya kijana aliyeona ameshakuwa mkubwa mno kuanza. Nilijiambia nitamwita siku nyingine, nikitoka Nairobi, viza ikishapatikana, nikiwa na furaha, litatoka lenyewe.

Viza ilipatikana wiki ya mwisho ya Julai. Yule kijana wa ubalozini alisoma viapo vyote viwili, akafungua pasipoti mpya ya Omari Bakari, akaigonga muhuri, na kunipa mkono akiniambia nifikishe salamu kwa baba zangu wote wawili. Nilishuka ngazi za jengo lile nikicheka peke yangu. Nilifika Kinondo kesho yake mchana. Baba alinawa mikono, akaifuta vizuri kwa kitambaa, ndipo akaipokea pasipoti. Alisoma Kiarabu tangu utotoni katika chuo cha Kurani, lakini herufi za Kizungu hakuzijua, akaniomba nimwonyeshe jina lake liko wapi. Nikamwekea kidole. "Hapa?" akauliza. Nikasema hapo. Akaweka kidole chake mahali pangu, kidole cha dobi, kigumu kwa joto la miaka mingi, akakiacha pale. Bi Fatuma alikuja akaangalia, Riziki akaja akaangalia. Neno nililosema litatoka lenyewe halikutoka.

Nilikaa Marekani miaka minne. Nilikwenda kulala juu ya yale majani ya kwenye picha, wiki yangu ya kwanza, nikaona kwamba yana unyevu na yanawasha, na mama alikuwa na haki kuulizia viti. Kule mtu huitwa kwa jina la mwisho. Walimu, karani wa maktaba, mama mwenye nyumba, wote waliniita Bakari. Kwa miaka minne nikawa naitika jina lake mara ishirini kwa siku. Nilidhani nitaikumbuka Gazi, na niliikumbuka, lakini kilichokuwa kikinirudia, hasa theluji ilipoanguka na bweni likawa kimya, ni kile chumba cha pasi. Nilikitamani mpaka nikawa napiga pasi mashati ya wenzangu bila kuombwa, nipate tu joto lile na harufu ile, ijapokuwa pasi zao zilikuwa za umeme na hazikuwa na harufu ya kitu. Nilimwandikia kila mwezi. Barua alisomewa na Riziki, ambaye alikuwa amepanda madarasa, na majibu yaliandikwa na yeye Riziki. Nilianza zote kwa kumwamkia, Shikamoo, kisha habari zangu. Mwaka wa tatu nilinunua kadi nzuri na nikakaa nayo mezani siku mbili, nikitaka kuianza vingine. Kabla sijaiandika ilikuja barua ya mjomba. Aliandika kwamba babako amefariki kwa homa ya siku tano, kwamba amezikwa Kinondo, kwamba yeye mjomba alikwenda na kusimama mahali pangu kaburini kwa kuwa mimi nilikuwa mbali, na nisiwe na wasiwasi. Siku niliyoisoma arubaini ilikwisha kusomwa.

Imebaki siku moja ambayo sijaiandika. Ni asubuhi ya safari. Ukoo wote wa mama ulikuwa unakwenda Mombasa kunisindikiza stesheni, mjomba, mama, mama wakubwa na wadogo wa kila namna, na ilijulikana tangu mapema kwamba baba hatakuwapo. Hakuna aliyemkataza. Alisema mwenyewe kwamba stesheni ni ya wajomba zangu, na kwamba yeye ataniaga hapa hapa. Aliamka kabla ya alfajiri kunipigia pasi suti, ingawa alikuwa ameipiga jana yake. Bi Fatuma alinifungia mahamri ya njiani. Riziki alilia mpaka akapata kwikwi, na aliponishika mkono Bi Fatuma alilazimika kumbandua vidole kimoja kimoja. Baba akabeba sanduku, tukatembea mpaka barabarani, mimi na yeye peke yetu. Kulikuwa na umande, na nilichunga viatu vyangu visiloe. Nilikuwa nawaza garimoshi, ndege, na kama nitajua kuketi katika kiti cha ndege. Tulisimama kungojea gari la Likoni. Lilipoonekana kwa mbali akageuka kunitazama, na kwa sauti ya mtu aliyeliweka swali lake kwa siku nyingi akaniuliza.

"Huko, mtu akikuuliza wewe ni mtoto wa nani, utamwambiaje?"

Nilikuwa natazama gari. "Nitamwonyesha pasipoti," nikasema. "Imeandikwa humo."

Alikubali kwa kichwa. Akasema, "Haya. Imeandikwa." Akaninyoosha kola, ambayo haikuwa na kasoro, akanipa mkono, nikapanda. Nilipokaa kwenye kiti nilimwona amesimama pale pale barabarani, mikono yake imeshikana nyuma, akingojea labda nitoe kichwa dirishani nimwambie jambo, kama mjomba alivyofanya siku ile ya Ukunda. Gari likaondoka. Katika kurasa hizi nimemwita baba kila nilipomtaja, na nikizisoma tena ninaona ni mara nyingi. Yeye mwenyewe sikumwita hivyo hata mara moja.